Mkunjo wa Saba

4 Machi

Kwa Shangazi, mshonaji wa sare za shule, na mtu mzima pekee ninayemjua anayevaa miwani ili asome hadithi za watoto wa sekondari.

Shikamoo. Najua futi iko shingoni na unanitazama juu ya miwani, kwa hiyo nianze na habari njema: vidole vyangu vyote kumi vipo, jambo ambalo si dogo kwa mtu anayesimama hatua tatu kutoka mashine ya kukata karatasi. Chumba nilichopanga kina dirisha. Ukilifungua, mlango haufunguki, lakini hilo nitalirekebisha. Msalimie dada na mtoto wake. Viatu nilivyomwahidi mtoto vinakuja, asiniulize lini.

Kazi naiweza kuliko niliowakuta. Siku ya kwanza niliwaambia nimesoma kila kitabu kilichopo kwenye rafu zao, wakanipa jina la Profesa. Wanadhani wananitania. Mimi naitika.

Sasa kaa chini. Umekaa? Ghorofa ya Tisa, kitabu cha tatu, kipo mezani kwangu. Ndicho hicho unachokililia miaka miwili. Tunavitengeneza vitabu mia sita vya jalada gumu kwa ajili ya maktaba za shule. Madukani kitafika mwakani. Kitabu hakizaliwi kizima, Shangazi. Karatasi moja kubwa inakunjwa mara tatu, zinapatikana kurasa kumi na sita, huo ndio mkunjo. Mikunjo kumi na miwili ikishonwa pamoja, unapata kitabu. Mkunjo uliopakwa wino vibaya unatupwa kapuni. Nimekutolea kapuni mkunjo wa kwanza na wa pili. Ina madoa kama uso wa mtu tunayemjua, lakini inasomeka.

Usiniulize hadithi inasemaje. Kazi yangu ni kufunga vitabu, si kuvifungua.

Mwanao,
Profesa


19 Machi

Wewe Domo,

Marahaba. Huku tupo. Mtoto wa dada yako ameanza kutembea, anakwenda pembeni kama kaa, na bila viatu. Mjomba wako bado anapaka lango rangi, mwezi wa tatu sasa. Cherehani kubwa iliharibika mkanda, nimeufunga kwa ngozi ya mkoba wa zamani.

Bahasha ilipofika nilikuwa na sare arobaini za kumaliza. Niliziacha. Nimesoma kurasa thelathini na mbili nimesimama, kisha nikawasomea wasichana wangu watatu wakati wanapiga pindo. Kifungo, yule mdogo, hakujua kitabu cha kwanza wala cha pili, ikabidi nimsimulie: binti anaendesha lifti ya jengo refu, kila akipita ghorofa ya tisa anasikia sauti kwenye simu ya dharura, ghorofa ya tisa imefungwa miaka yote na hakuna anayekaa huko. Kitabu cha pili kilimwacha amekwama ndani ya lifti, na sauti inamwambia, "Nimekuona." Halafu mwandishi akaenda kulala miaka miwili.

Unaijua orodha yangu nyuma ya mlango, ya chaki ya kukatia nguo. Vitabu kumi na kimoja ninavyovisubiri. Hiki ndicho mstari wa kwanza.

Nakuuliza mara moja tu: hivyo vya kapuni vinaruhusiwa kutoka? Kama haviruhusiwi, viache. Nimesubiri miaka miwili, mwaka mwingine hautaniua.

Shangazi yako


11 Aprili

Shangazi, malkia wa mapindo,

Shikamoo tena. Niko salama, nimenenepa, msichana wa kantini ananiongezea wali bila kuombwa. Sijui ameona nini. Najua, lakini sisemi.

Kuhusu swali lako: vya kapuni vinatumika kufungia mizigo. Msimamizi wetu tunamwita Rula, kwa kuwa anatembea na rula ya chuma na amenyooka kama hiyo rula yenyewe. Nilimwuliza, "Mzee, hivi vibovu mtu akichukua?" Akasema, "Kibovu ni kibovu." Mimi nimeichukua hiyo kama ruhusa.

Nikuonyeshe utaalamu. Mgongoni mwa kila mkunjo kuna alama nyeusi ndogo. Ya mkunjo wa kwanza iko juu, ya pili iko chini yake kidogo, hivyo hivyo hadi wa kumi na mbili. Ukiipanga sawasawa, alama zinashuka kama ngazi. Kidato kikikosekana unakiona kutoka mlangoni. Rula anapita, anatazama ngazi, anagonga rula mara moja, na kitabu kimepita. Mtu asiyejua kusoma kabisa anaweza kazi hii. Mimi ninayejua ndiyo usiseme.

Nimekufungia wa tatu, wa nne, wa tano na wa sita. Wa nne una alama ya kiatu. Si changu.

Profesa


26 Aprili

Domo,

Sote wazima. Lango limekwisha kupakwa, mjomba wako ameona rangi si yenyewe, ameanza upya.

Unanitesa. Mkunjo wa sita unaishia ukurasa wa tisini na sita, mstari wa mwisho kabisa: "Mlango wa ghorofa ya tisa ukafunguka, na ndani alikuwa amesimama". Basi. Hakuna nukta. Karatasi imekwisha.

Kifungo ameshona mfuko wa shati juu chini. Mrefu anasema ni mama wa binti. Yule wa tatu, asiyezungumza, kazungumza: anasema hakuna mtu, ni kioo. Wamebishana hadi mteja akaondoka na suruali ya mtu mwingine.

Na mimi nimefanya kitu cha kitoto. Nimeusoma mkunjo wa sita mara nne, kama vile mlango utachoka ufunguke zaidi.

Ukipata wa saba kapuni, nitumie. Ukiwa haupo, haupo.

Shangazi


15 Mei

Shangazi,

Mimi mzima. Mvua imepiga, dirisha langu sasa halifungiki, na mlango bado. Msalimie dada.

Huu hapa wa saba. Ni mbovu kama mingine, una kasoro mahali fulani, usihangaike kuitafuta. Someni, mnyamaze, mshone mashati ya watu.

Nina kazi nyingi.

P.


28 Mei

Domo,

Marahaba, ingawa hukuniamkia.

Nimekaa na cherehani miaka ishirini na sita. Shati lililowahi kushonwa likafumuliwa nalitambua hata likiwa limepigwa pasi mara tatu. Mikunjo sita uliyonitumia mwanzo haikuwa na tundu hata moja. Huu wa saba una matundu manane mgongoni, mawili mawili, na kwenye la mwisho umesahau kipande cha uzi mweupe. Doa la wino halina. Ni msafi kuliko kola ya mwalimu mkuu.

Huu haukutoka kapuni. Ulikuwa umeshashonwa kwenye kitabu.

Shati la nani umelifumua?

Sijausoma. Wasichana wamelia, sijausoma.

Shangazi


30 Juni

Shangazi mpendwa sana sana,

Shikamoo, shikamoo na shikamoo. Tatu, ya deni na za akiba.

Habari ni nyingi. Timu ya karakana yetu imecheza na timu ya wachapaji, tumetoka sare, goli letu nimelifunga mimi, ingawa wengine wanasema liligonga mgongo wa beki wao. Mgongo uliguswa na mpira wangu, basi goli ni langu. Mashine ya gundi imepata bomba jipya. Kantini wamepaka kuta rangi ya kijani, ukila unaona chakula chako chote ni mboga. Yule msichana ameanza kumwongezea wali mtu mwingine. Mtoto wa dada atakuwa anakimbia sasa. Nimenunua viatu, vinakuja na barua hii, kama ni vidogo mkate vidole.

Makasha yote ya maktaba za shule yameondoka wiki iliyopita. Sasa tunatengeneza daftari.

Hakuna jingine.

Profesa


12 Julai

Mwanangu,

Viatu vimefika. Vikubwa, lakini atavifikia.

Dada yako anakusalimu. Mjomba wako amekubali rangi. Sare za muhula mpya zimeanza. Kifungo sasa anashona kola peke yake, vizuri.

Karatasi zako ziko kwenye bahasha ya kaki chini ya pasi ya mkaa, ile isiyotumika. Mstari wa kwanza nyuma ya mlango nimeufuta.

Shangazi yako


9 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima, dada na mtoto wawe wazima, mjomba na lango lake wawe wazima. Tumemaliza salamu.

Mkunjo wa saba haukutoa kibovu hata kimoja. Siku ile mashine ilikuwa na adabu, mia sita zilitoka mia sita, safi, na kapuni hakuna kitu. Na wewe umesoma wa sita mara nne. Basi palikuwa na rundo ambalo Rula ameshalipitisha, linasubiri gundi. Nilichukua kitabu kimoja, nikakata uzi, nikatoa wa saba, na ili kisionekane chembamba nikaweka wa sita mwingine wa kapuni mahali pake, nikashona. Nilishona vizuri, hilo uliandike. Jalada likija juu, ngazi haionekani tena. Nikajiambia, vitabu mia sita, nani atajua?

Nilijiambia hivyo Mei yote. Juni nikawa naona kitabu hicho kila ninapotazama daftari. Mtu yuko mahali fulani, amefika ukurasa wa tisini na sita, mlango umefunguka, anafunua, anakuta themanini na moja. Mimi sisomi, lakini hilo nimelielewa.

Nilipopata barua ya pasi na mlango, kesho yake nilimwendea Rula. Nitakuandikia kama ilivyokuwa.

"Mzee, kuna kitabu kimoja kimetoka kibovu."

"Kipi?"

"Sijui kiko wapi. Najua kikoje."

Nikamweleza. Hakupaza sauti. Aliweka rula mezani, kitu ambacho hajawahi kufanya, hata anakula nayo.

"Profesa, wewe unasoma ngazi?"

"Nasoma."

"Na ukang'oa kidato kwa mkono wako."

"Ndiyo."

"Kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yangu." Nilisema hivyo. Wewe hukuhusika.

Akaniuliza niliishia darasa gani, nikamwambia kidato cha pili. Akasema, "Sawa. Makasha yalikwenda shule ishirini na nne. Utaandika barua ishirini na nne, kwa mkono, uwaombe wafungue kila nakala ukurasa wa tisini na sita. Utaweka jina lako. Kitabu kikipatikana na ukakirudisha sawasawa, unabaki. Kisipopatikana hadi mwisho wa Oktoba, utafute kazi ambayo haina ngazi."

Nimeandika zote. Barua ya kwanza ilinichukua siku tatu, ya mwisho robo saa. Nimekosea neno "maktaba" mara kumi na nne.

Nahitaji ule mkunjo. Unao wewe tu.

Profesa


16 Agosti

Huu hapa. Nimeupiga pasi ya vuguvugu juu ya kitambaa, haukuungua. Bado sijausoma.

Uzi wa safari hii utumie uliopakwa nta.

Shangazi


2 Oktoba

Kwa Shangazi, mwenye macho ya sindano,

Shikamoo. Niko mzima na bado niko kazini. Nimeanza na hilo ili usirukeruke mistari.

Shule kumi na tisa zilijibu kwamba nakala zao ni nzima. Nne hazikujibu. Septemba tarehe ishirini ikaja bahasha, ndani kuna kitabu na barua ya mwanafunzi. Mwalimu wa maktaba kaweka muhuri tu, maneno yote ni ya msichana. Nakunakilia kipande:

"Kaka wa karakana, kitabu kibovu ni cha kwetu. Lakini hatukujua kama ni kibovu. Mlango ulifunguka, tukarudi ukurasa wa 81, tukapanda tena, mlango ukafunguka tena. Tukasema mwandishi ni hodari, lifti imekwama na sisi tumekwama nayo. Tulishangaa tu ukurasa wa 113, binti kavaa koti ambalo hatukuona akipewa. Darasa letu lina majibu saba ya nani alimpa koti. Wawili hawasemeshani. Tafadhali tengeneza haraka, lakini usituambie jibu kwenye barua, tunataka kulisoma wenyewe."

Rula aliisoma akiwa amesimama. Akacheka, Shangazi. Nilidhani ni kikohozi. Akanipa sindano.

Kabla ya kushona nilikaa na mkunjo wako wa saba siku nne, saa ya chakula, kantini, mahali pa kijani. Nimeunakili wote kwa mkono wangu, kurasa kumi na sita, kutoka tisini na saba hadi mia moja na kumi na mbili. Zimo humu. Nimefuata mistari ileile na kukata pale pale walipokata. Vidole vimeota sugu mahali ambapo fundi hana haja ya sugu. Kisha nikafumua, nikaondoa wa sita wa ziada, nikarudisha wa saba. Ngazi ikashuka bila pengo. Rula alitazama, akagonga rula mara moja.

Kitabu kimerudi shuleni. Vibovu ameniruhusu kuchukua, kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayesema kipi ni kibovu.

Nilisema sisomi. Nilinakili tu. Mkono ukipita juu ya maneno, mengine yanaingia yenyewe. Kwa hiyo usiniulize kama nimependa.

Profesa


20 Oktoba

Profesa,

Marahaba. Dada yako mzima, mtoto amevifikia viatu. Mjomba wako amehamia kwenye madirisha.

Bahasha ilifika Jumatatu. Nilifunga mlango wa duka, nikawakalisha wasichana, nikasoma. Kumbe ni fundi aliyeijenga lifti, na koti ni lake! Hakuna hata mmoja wetu aliyepatia. Mrefu amesema atakaa siku mbili bila kunisemesha, kana kwamba nimekiandika mimi.

Mwandiko wako mbaya. Herufi zote zimelala kama watu wamechoka. Lakini ukurasa wa mia moja na nne kuna sentensi moja imesimama wima, kila herufi imetengwa na mwenzake, mtu ameiandika polepole. Fundi wa lifti anamwambia binti: "Nisamehe. Nilifumua kilichokwisha kushonwa, kwa sababu sikutaka wewe usubiri."

Mafundi wa lifti wanafungua, wanakata, wanang'oa. Hawafumui. Na kwenye yote niliyosoma mtu huyo hana alichomkosea binti.

Kiraka nakijua, hata kikishonwa kwa uzi wa rangi ileile. Wasichana hawakukiona. Niliwasomea pamoja nacho, na nimekiacha palepale kilipo.

Mstari wa kwanza nyuma ya mlango nimeuandika upya.

Sasa lete wa nane. Na uwe mbovu kweli.

Shangazi